Taa ya Chemli Mahakamani

Tuseme kuna duka kando ya barabara, katika kijiji ambacho umeme haujafika. Ni saa mbili na nusu usiku. Mwenye duka anahesabu mauzo ya siku, mkewe anafunga mafungu ya chumvi, na juu ya kaunta imewekwa taa ya chemli. Mara wanaingia watu watatu. Mmoja ameshika bunduki, wa pili ana panga, na wa tatu amesimama mlangoni akilinda. Fedha zinachukuliwa, redio inachukuliwa, mwenye duka anapigwa ubapa wa panga begani, kisha watu wale wanatokomea gizani. Siku ya nne polisi wanamkamata kijana mmoja wa kijiji cha jirani. Mwenye duka anamtazama na kusema: "Ndiye huyu aliyeshika bunduki."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakimu ye yote wa Afrika Mashariki atakwambia kwamba ameusikia mara nyingi, kwa majina mengine na katika vijiji vingine. Je, hatia ya kijana huyu imethibitika?

Kwa watu wengi jibu ni jepesi. Mwenye duka hana ugomvi na kijana huyu, wala hana sababu ya kumsingizia. Amemwona kwa macho yake mwenyewe, tena kwa karibu. Sasa mahakama inangoja nini? Makala haya yanakusudia kueleza mahakama inangoja nini, na kwa nini elimu ya fizikia na elimu ya viumbe zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari zinahusika sana na jambo hilo. Kwa ufupi, mahakama inangoja kusikia habari za ile taa.

Nani?

Katika kesi ya jinai mzigo wa kuthibitisha uko juu ya upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, na kiwango chake ni uthibitisho usioacha shaka yenye maana. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Akisema kuwa usiku ule alikuwa kwa shangazi yake, hapaswi kuithibitishia mahakama jambo hilo. Yatosha maelezo yake yaitie mahakama shaka ya kweli.

Kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha lina viungo vyake. Lazima kiwepo kitu kilichoibwa. Lazima ilikuwapo silaha. Na lazima nguvu au vitisho vilitumiwa dhidi ya mtu, wakati wa wizi au mara tu kabla au baada yake, ili kukipata kitu hicho au kukizuia kisirudishwe. Mtu anayevunja duka tupu usiku wa manane na kuondoka na mali amefanya kosa jingine, hata kama alikuwa na panga kiunoni. Katika mfano wetu viungo hivi havina ubishi mkubwa: fedha hazipo, jeraha la begani limeandikwa na mganga, na watu wawili wameeleza habari ya bunduki. Mshtakiwa mwenyewe aghalabu hakatai kwamba duka lilivamiwa. Anachokataa ni kwamba yeye alikuwapo. Kesi nzima basi inasimama juu ya neno moja: nani?

Na uzito wa neno hilo si mdogo. Nchini Tanzania kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 2004, kimeweka kwa kosa hili kifungo kisichopungua miaka 30. Kijana wa miaka 20 akiingia gerezani leo kwa hukumu hiyo na kuitumikia yote, atatoka akiwa mzee wa miaka 50. Nchini Kenya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kimetaja adhabu ya kifo. Lakini tusisahau upande wa pili wa kaunta. Mwenye duka aliyepigwa na kuporwa anayo haki ya kuona wahalifu wake wakitiwa hatiani, na mahakama za rufani zimewaachia washtakiwa wengi, wakiwamo pengine wanyang'anyi wa kweli, kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza shahidi kuhusu nuru iliyokuwapo.

Majaji wa eneo hili wamelitambua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba utambuzi uliofanywa na shahidi mmoja, katika mazingira magumu, hauna budi kupimwa kwa uangalifu mkubwa kabisa. Mwaka 1967 mahakama hiyo hiyo ilikumbusha kwamba ikiwa wapo watu wasio na hatia wanaofungwa, basi wengi wao wamefungwa kwa kosa la utambuzi. Huko Uingereza, baada ya watu kadhaa kufungwa kimakosa, Mahakama ya Rufani ilitoa mwaka 1976 mwongozo unaojulikana kwa jina la kesi yenyewe, Turnbull. Na mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilitamka kwamba ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa.

Hukumu hiyo ya 1980 haikuishia kwenye onyo. Ilitaja maswali ya kuuliza: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na nuru ilikuwaje? Je, alikuwa amepata kumwona mtu huyo kabla ya siku ile? Mahakama ya Rufani ya Kenya iliongeza mwaka 1986 kwamba ni lazima ijulikane taa ilikuwa ya aina gani, ukubwa gani, na iliwekwa wapi kuhusiana na mtuhumiwa. Baadaye, katika rufaa ya jinai Na. 37 ya mwaka 2005, mahakama ya Tanzania ikasema wazi kwamba haitoshi shahidi kudai tu kuwa kulikuwa na taa, kwa maana taa za umeme, taa za mirija, chemli na vibatari hazitoi nuru iliyo sawa. Mwalimu wa fizikia akiisoma hukumu hiyo atafurahi, maana majaji wamemwachia somo zima la kufundisha.

Hesabu ya nuru

Nguvu ya nuru inayotoka katika taa hupimwa kwa kandela. Kandela moja ni karibu sawa na nuru ya mshumaa mmoja wa kawaida. Nuru inayofika juu ya kitu, kwa mfano juu ya uso wa mtu, hupimwa kwa luksi. Mshumaa wa kandela moja ukiwa umbali wa mita moja kutoka kwenye uso, uso huo hupokea luksi moja. Ukiwa umbali wa mita mbili, uso haupokei nusu ya luksi bali robo yake, kwa kuwa nuru ile ile imetandazwa juu ya eneo lililo kubwa mara nne. Hii ndiyo kanuni ya mraba wa umbali: gawa kandela za taa kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe.

Kibatari hakipitani sana na mshumaa. Chemli yenye kioo safi na utambi uliokatwa vizuri ni sawa na mishumaa michache. Kwa hesabu yetu tuchukue saba. Mnyang'anyi mwenye bunduki alikuwa mita moja kutoka kwenye taa, kwa hiyo uso wake ulipokea luksi 7. Yule wa mlangoni alikuwa mita nne. Saba ukigawa kwa 16 unapata luksi 0.44. Watu wawili hawa walikuwa ndani ya chumba kimoja, chini ya taa moja, lakini mmoja alimulikwa mara 16 zaidi ya mwenzake. Mbalamwezi ya mwezi mpevu, anga likiwa safi, hutoa takriban robo ya luksi, au zaidi kidogo. Mtu wa mlangoni, basi, alikuwa katika nuru isiyozidi sana ile ya mbalamwezi. Kama kaunta ingekuwa na kibatari badala ya chemli, angepata luksi 0.06, yaani chini kabisa ya mbalamwezi. Kuta zilizopakwa chokaa huongeza nuru kidogo kwa kuirudisha. Kuta za udongo mweusi wa moshi haziongezi kitu.

Linganisha na taa nyingine. Balbu ya kizamani ya wati 60 ilitoa karibu kandela 60, hivyo kwa umbali wa mita mbili hutoa luksi 15. Karabai ya kandela 300 hutoa luksi 33 kwa umbali wa mita tatu. Jua la adhuhuri hutoa luksi zipatazo 100,000. Shahidi anayesema "kulikuwa na taa" anaweza kuwa anazungumzia sehemu ya mia ya luksi au luksi hamsini, na kwa maneno hayo matupu hakimu hana njia ya kujua.

Mahakama huuliza "umbali gani?" kana kwamba umbali ni mmoja. Kwa kweli ni miwili, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza ni umbali kutoka kwenye taa hadi usoni. Huu ndio unaopunguza nuru kwa mraba. Wa pili ni umbali kutoka usoni hadi kwenye jicho la shahidi. Huu wa pili hauufanyi uso kuwa na giza zaidi, bali unaufanya uwe mdogo. Uso wenye upana wa sentimita 15, ukiwa umbali wa mita 15, huonekana kwa upana unaozidi kidogo tu ule wa mwezi angani. Msomaji ajaribu kufikiri kama angeweza kumtambua mtu kwa pua na macho yaliyochorwa juu ya mwezi.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Uholanzi Willem Wagenaar, pamoja na mwenzake, alitangaza matokeo ya majaribio ya kutambua nyuso katika nuru na umbali mbalimbali. Mahakama zilihitaji kipimo chepesi, na kilichopatikana kinaitwa kanuni ya kumi na tano: umbali usizidi mita 15, nuru isipungue luksi 15. Si kanuni ya sheria, wala si ukuta. Uso ulio hatua mbili kutoka kwako unaweza kutambulika kwa nuru pungufu ya hiyo, kama kila mtu aliyekula chakula cha jioni kwa chemli ajuavyo. Lakini inatupa mahali pa kusimama. Na yafaa kukumbuka kwamba ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo kuliko ngozi nyeupe, kwa hiyo sioni sababu ya kudhani kwamba kipimo kilichotoka Uholanzi ni kikali mno kwa mahakama zetu. Yamkini ni kilegevu.

Upande inakotoka nuru nao una maana. Tumezoea kuona nyuso zikimulikwa kutoka juu, na jua au na balbu ya darini. Chemli juu ya kaunta, au sakafuni, humulika kidevu na matundu ya pua, na kupeleka vivuli juu badala ya chini. Majaribio yameonyesha kwamba nyuso zilizomulikwa kutoka chini ni ngumu zaidi kutambua, hata zile tunazozifahamu. Na kurunzi je? Mara nyingi kurunzi imo mkononi mwa mnyang'anyi, nayo inamulika macho ya shahidi. Nuru ni nyingi chumbani, lakini yote imekwenda mahali pasipofaa.

Jicho gizani

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, na ndani yake kuna seli za aina mbili. Seli za koni, zipatazo milioni sita, hutambua rangi na vitu vidogo vidogo, lakini zinahitaji nuru ya kutosha. Seli za fito, zipatazo milioni 120, hufanya kazi katika nuru hafifu sana, lakini hazitofautishi rangi wala hazioni kwa makini. Katikati ya retina, pale ambapo taswira ya kitu tunachokikazia macho huangukia, ziko koni tupu, hakuna fito. Hivyo gizani hutokea jambo la ajabu: kitu unachokitazama moja kwa moja hufifia, na ukitazama kando yake kidogo hukiona vizuri zaidi. Wanafunzi wanaweza kulihakikisha jambo hili kwa nyota hafifu. Uso wa mtu hauna tofauti na nyota katika hili. Shahidi anapoukazia macho uso katika kiza kikubwa, anatumia sehemu ya jicho iliyo dhaifu kuliko zote kwa saa ile.

Rangi nazo huanza kupotea. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Jan Purkinje wa Bohemia aliona kwamba maua mekundu aliyoyaona yaking'aa mchana yalionekana meusi wakati wa alfajiri, ilhali majani yake yalibaki na nuru. Sababu ni fito, ambazo karibu hazihisi wekundu kabisa. Kadhalika mwali wa mafuta ya taa una manjano na wekundu mwingi na buluu kidogo mno, kwa hiyo shati la buluu mbele ya kibatari laweza kuonekana jeusi. Shahidi anayetaja bila kusita rangi ya shati la mtu aliyekuwa mlangoni anastahili kuulizwa aliijuaje. Pengine aliliona shati hilo kituoni, siku ya nne.

Tena jicho huchelewa. Mtu akitoka penye nuru kali na kuingia gizani, koni zake huchukua dakika tano hadi kumi kuzoea, na fito huchukua karibu nusu saa. Kurunzi ikimpiga machoni, rangi ya kikemikali iliyo ndani ya fito, iitwayo rodopsini, huvunjika, na saa ya kuzoea huanza upya. Unyang'anyi wote wa duka letu ulikwisha kabla ya muda huo.

Kumbukumbu si picha

Tuchukulie sasa kwamba nuru ilitosha. Bado taswira lazima ihifadhiwe siku nne, na ubongo si kabati.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake, walifuatilia mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakitazama mfululizo wa picha. Kundi moja lilimwona mteja akimpa mtunza fedha karatasi ya hundi. Kundi la pili lilimwona mteja yule yule akimwelekezea bastola. Macho ya kundi la pili yaliganda kwenye bastola, na baadaye watu hao walishindwa zaidi kumchagua mteja huyo kati ya picha za watu. Mwenye duka wetu alitazamana na mdomo wa bunduki. Kati ya wanyang'anyi watatu, yule aliyekuwa karibu zaidi na taa ndiye pia aliyekuwa na kitu kilichovuta macho yasiende usoni.

Katika jaribio jingine la mwaka huo huo, watu walionyeshwa filamu ya sekunde 30 ya unyang'anyi wa benki, kisha wakaulizwa ilichukua muda gani. Kwa wastani walisema zaidi ya dakika mbili. Kwa hiyo shahidi anapojibu swali la kwanza la hukumu ya 1980 kwa kusema "dakika tano", si lazima awe anadanganya, lakini si lazima pia zilikuwa tano.

Naye Robert Buckhout, mwaka 1974, aliitumia televisheni moja ya New York kuonyesha mkoba wa mwanamke ukiporwa, tukio lililoigizwa kwa sekunde chache. Kisha watazamaji walionyeshwa watu sita na kuombwa wapige simu kusema mhalifu ni nani, au kama hayumo. Walipiga watu zaidi ya 2,000. Waliopatia walikuwa karibu mmoja kati ya saba. Mtu ambaye hakutazama televisheni kabisa, akichagua kwa kupiga kura miongoni mwa majibu saba, angepatia kwa kiwango hicho hicho.

Hata hivyo jaribio linalonisumbua zaidi ni la Gary Wells na Amy Bradfield, lililotangazwa mwaka 1998. Watu walionyeshwa filamu hafifu ya kamera ya dukani, kisha picha za watu kadhaa ambamo mhalifu hakuwamo. Wakachagua, na wote wakakosea. Baadhi yao waliambiwa, "Vizuri, umemtambua mtuhumiwa." Wengine hawakuambiwa cho chote. Walioambiwa neno hilo moja baadaye walisema kwamba walikuwa na hakika zaidi. Zaidi ya hayo, walisema kwamba walikuwa wamemwona mtu yule vizuri zaidi, na kwamba walikuwa wamemtazama kwa makini zaidi, ilhali wote walikuwa wametazama filamu ile ile. Neno la pongezi lililosemwa leo linaongeza nuru ya jana. Kwa maana hiyo majibu ya shahidi kuhusu taa, umbali na muda, ambayo mahakama inayahitaji ili kuupima utambuzi wake, yanaweza kuharibiwa na utambuzi wenyewe.

Gwaride na mtu unayemjua

Ndiyo maana gwaride la utambuzi lina masharti mengi. Katika taratibu za Kenya mtuhumiwa hupangwa pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Shahidi hatakiwi kumwona mtuhumiwa kabla ya gwaride. Tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki imesisitizwa pia kwamba shahidi aeleze wajihi wa mtu aliyemwona kabla hajapelekwa kwenye gwaride, ili yale aliyoyasema kwanza yalinganishwe na yule aliyemchagua. Mwenye duka wetu alionyeshwa kijana mmoja tu, aliyekwisha kamatwa, akiwa kati ya askari. Hilo haliitwi gwaride.

Mambo hubadilika ikiwa shahidi alimfahamu mtu huyo zamani. Kumtambua jirani hakuhitaji nuru nyingi kama kumtambua mgeni. Mwendo wake, sauti yake na umbo lake husaidia. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 1980 kwamba utambuzi wa mtu anayefahamika ni wa kuaminika zaidi. Lakini mwongozo wa Turnbull ulitahadharisha kwamba watu hukosea hata kwa jamaa na rafiki zao, na kila aliyemwita mtu njiani kwa jina lisilo lake analijua hilo. Hapa mahakama za Tanzania hutumia kipimo kizuri: je, shahidi alimtaja mtu huyo mara ya kwanza alipopata nafasi? Kama mwenye duka alimfahamu kijana huyu, kwa nini hakulitaja jina lake usiku ule ule kwa majirani waliokuja mbio kwa sauti ya yowe? Jina lililotajwa usiku ule halijachanganyika na mambo ya siku ya nne.

Vitu visivyosahau

Pana ushahidi mwingine usiotegemea jicho. Redio iliyoibwa ikikutwa mikononi mwa mtuhumiwa muda mfupi baada ya tukio, mahakama yaweza kuhitimisha kwamba yeye ndiye mwizi, isipokuwa kama atatoa maelezo yanayokubalika. Lakini ni lazima mwenye mali aitambue kwa alama yake mahsusi, si kwa kusema tu kwamba ni redio ya aina ile. Na neno "muda mfupi" hutegemea kitu chenyewe, kwa kuwa fedha taslimu hupita mikono mingi kwa siku moja. Alama za vidole juu ya kaunta zinathibitisha kwamba mtu aliigusa kaunta. Hazisemi aliigusa lini, na dukani kila mteja hugusa kaunta. Alama zilizo ndani ya droo ya fedha zina uzito zaidi. Ganda la risasi, likilinganishwa chini ya hadubini, laweza kuhusishwa na bunduki fulani, lakini si na mkono ulioishika. Kila kimoja kina pengo lake. Faida yake ni kwamba mapengo hayo hayako mahali pamoja na pengo la jicho. Kosa la shahidi kwa sababu ya giza haliwezi kuiweka redio chini ya kitanda cha mtu asiye na hatia.

Tatizo huja pale ambapo mashahidi watatu wa duka moja wanahesabiwa kama ushahidi mara tatu. Wote walitumia taa moja, na pengine wamezungumza usiku kucha kabla ya kwenda polisi. Watu watatu waliotazama kwa chemli moja hawana luksi mara tatu.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Kwa kuwa vifaa vyake vinapatikana popote, mwalimu anaweza kulipima jambo hili shuleni. Inahitajika chumba kinachoweza kutiwa giza, chemli moja, kibatari kimoja, kamba iliyopimwa kwa mita, saa, na wageni wawili au watatu wasiofahamika na darasa, kwa mfano wanafunzi wa shule ya jirani. Taa iwekwe imara juu ya meza, mbali na mapazia, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Darasa likae gizani dakika kumi, umbali wa mita tano kutoka kwenye meza. Mgeni aingie, asimame mita moja kutoka kwenye taa kwa sekunde 20, aseme maneno machache na kutoka. Kundi la pili la wanafunzi limtazame mgeni mwingine kwa namna ile ile, lakini asimame mita nne kutoka kwenye taa. Kisha jaribio lirudiwe kwa kibatari. Siku inayofuata, mtu asiyejua mgeni ni yupi awaonyeshe wanafunzi mstari wa watu tisa. Na mara moja kati ya mbili, mgeni asiwemo, bila wanafunzi kujua.

Kila mwanafunzi aandike, usiku ule ule na kabla ya kuzungumza na mwenzake: aina ya taa, mahali ilipokuwa, umbali wa taa hadi usoni, umbali wa uso hadi kwake, muda aliomtazama mgeni, na rangi ya nguo. Karatasi zikusanywe na kufungiwa. Baada ya mstari wa watu, aandike amemchagua nani na ana hakika kiasi gani. Nusu ya darasa waambiwe kwamba wamepatia, hata kama si kweli, na nusu wasiambiwe kitu. Baada ya hapo wote wayajibu tena maswali ya kwanza kuhusu taa, umbali na muda, na ndipo karatasi za usiku ule zifunguliwe na majibu mawili ya kila mtu yawekwe bega kwa bega.